Kwa Nini Vitabu vya Mapishi Huonya Juu ya Chumvi

Hapo kale, katika nchi ya Wajerumani, ambako kila bonde lilikuwa na mtawala wake na kila mtawala na jiko lake, mapishi hayakuandikwa. Yalikaa kichwani mwa mpishi, na mpishi akifa alizikwa nayo.

Katika kasri moja la huko alikuwepo Fundi Wendelin, mpishi mkuu, mtu asiyejua kutulia. Akikaanga samaki, mawazo yalikuwa kwa bata. Akifunika chungu, alikifunua papo hapo. Muda wa kupika aliupima kwa sala, kama wapishi wote wa zama zile, ila yeye alizisali mbiombio hata mayai yakatoka mabichi.

Mwaka ule wasiwasi wake ulikuwa na sababu. Homa ya majira ya baridi ilimwacha na ulimi uliokufa. Asali na siki vyote vikawa maji matupu kinywani mwake. Hakumwambia mtu, kwa maana mpishi asiyeonja atafukuzwa tu, naye hakuwa na kwake kwingine ila jiko lile. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ikaja arusi ya binti wa mtawala. Wendelin alitia chumvi kwenye mchuzi wa samaki, akaonja, asisikie kitu, akaongeza. Akazunguka jiko, akarudi, akaongeza tena. Alipoichota mara ya tatu, Ottilia, mwoka mikate aliyefanya naye kazi miaka ishirini, hakuvumilia.

"Fundi, umeshatia."

"Nani kakuuliza? Angalia tanuri lako."

Ottilia akarudi kwenye mikate yake. Mwoka mikate hakuruhusiwa kuonja chungu cha mpishi mkuu. Ndiyo iliyokuwa adabu ya jiko, na adabu hiyo iliwaponza.

Bwana arusi alikunywa kijiko kimoja, uso ukamkunjamana. Wageni wakagombea maji kama ng'ombe waliotoka safarini. Wendelin akaitwa mbele ya watu wote, aseme ni nani aliyeharibu chakula. Jina la Ottilia lilimfika mdomoni, nusura alitamke. Akaona haya, akalimeza.

"Ni mimi, bwana wangu. Ulimi wangu umekufa tangu wakati wa theluji. Niliogopa kusema."

Mtawala alikasirika, ila alikuwa mlafi pia. "Jiko utaliacha," akasema. "Lakini hutoki humu mpaka kila unachokijua kiandikwe. Sitakosa bata wangu kwa ajili ya ulimi wako."

Basi Ottilia, aliyefundishwa kuandika na watawa, akakaa na kalamu, na Wendelin akazunguka meza akitaja mapishi, huku machozi yakimlengalenga. Kila alipomaliza pishi moja alisimama kidogo.

"Ongeza hapo: na usizidishe chumvi."

"Fundi, hii ni keki ya matufaha."

"Andika, dada yangu."

Akaandika. Kitabu kikaisha, Wendelin akatoka kasrini na kifurushi chake, na jiko hakulitia mguu tena.

Wapishi wengine walikinakili kitabu kile neno kwa neno, na walionakili kutoka kwao wakafanya vivyo hivyo. Kuanzia hapo hadi leo, ukifungua vitabu vya kale vya nchi ile utalikuta onyo hilo mwishoni mwa mapishi, hata ya vyakula vya sukari. Wasomaji hucheka. Hawajui kwamba ni mzee mmoja anayeomba radhi.