Kisu na Sufuria

Hapo zamani, mlango wa jiko la Mzee Ngwali ulikuwa na maneno ya chaki. Mkewe, Mwalimu Sikudhani, alisomesha Kiswahili miaka thelathini, na kila asubuhi alimwandikia mumewe neno mlangoni. Siku ya mwisho aliandika "Kisu na sufuria", chaki ikaisha. Akaenda dukani kununua nyingine. Moyo ukasimama njiani.

Mzee Ngwali akaapa hatapika mpaka sentensi ikamilike. Mwaka mzima akala kwa majirani. Majirani wakachoka, chaki ikaanza kufifia. Ndipo akatangaza: "Atakayeimalizia kama mke wangu angeimalizia, atamchukua Kitenzi."

Kitenzi alikuwa jogoo wa marehemu. Bila yeye, Mwalimu Sikudhani alizoea kusema, asubuhi haikamiliki.

Akaja Mwalimu Shaame, mwanafunzi wake wa zamani. "Kisu na sufuria vimeoshwa. Ngeli mbili tofauti, tumia vi-. Kanuni hiyo alinifunza kwa viboko vitatu, mzee wangu. Kimoja bado nakisikia."

Akaja Bi Chausiku, jirani. "Kisu na sufuria zimeoshwa. Wewe, Shaame, ulimsikia darasani, mimi nilimsikia uani. Uani alifuata neno la karibu: sufuria. Wa karibu ndiye wako. Kwani wali wa mwaka mzima, Mzee Ngwali, umeula kwa nani?"

Akaja Vuai, kaka wa marehemu. "Kisu na sufuria ni safi. Hakuna vi-, hakuna zi-. Dada hakupenda ugomvi, shemeji."

"Mwoga wa ngeli!" akafoka Shaame.

"Hata harusini kwake alijificha," akasema Bi Chausiku.

Mzee Ngwali akainama, akavuta beseni la vyombo kutoka chini ya meza. Kisu kilikuwa na kutu. Sufuria ilikuwa na ukoko wa mwaka mzima.

"Sentensi zenu nzuri," akasema. "Zote uongo."

Akachukua jivu na kumbi la nazi. Akasugua kisu. Akasugua sufuria. Akasugua mpaka akauona uso wake.

"Sasa zote kweli."

Akateleka maji. Moshi ukatoka jikoni kwake mara ya kwanza tangu msiba. Bi Chausiku akafuta machozi, akasingizia moshi. Kitenzi, alipoyaona maji yanachemka, akarukia paani.

Wakatoka uani wote wanne, kila mmoja akimwita kwake.

Je, nani alistahili Kitenzi: aliyeshika kanuni, aliyeshika mazungumzo, aliyekwepa vita, au yule aliyeosha?