Zimwi Lililocheza Rede na Mize

Mpo? Haya, kaeni karibu, nami nianze.

Palikuwa na msichana, Mize, mwenye haya hata jina lake alilitaja kwa kunong'ona. Wenzake walipocheza rede, wakimrushia mpira aliye katikati naye akiukwepa, yeye aliwaokotea mpira tu. Siku moja mpira ukaingia kichakani. Mize akaufuata, akakuta zimwi limeukalia.

"Nani wewe?" zimwi likanguruma.

"Mize," akanong'ona.

"Sikusikii! Nakurushia mpira. Ukikugusa, nakumeza!"

Likarusha. Mize akainama, mpira ukapita juu.

"Nani wewe?"

"Mize," akasema.

Likarusha tena. Mize akaruka, mpira ukapita chini.

"Nani wewe?"

"Mize!"

Likarusha mara ya tatu, kwa nguvu zake zote. Mize hakuinama wala hakuruka. Akaudaka!

"Mimi ni Mize binti Mwinyikombo!" akapaza sauti, ndege wakatawanyika mitini.

Akangoja zimwi likasirike. Kumbe likampigia makofi. Mize akababaika.

"Si ulitaka kunimeza?"

"Nilitaka," zimwi likajibu, likijikuna kichwa. "Au nilitaka wa kucheza naye? Hata mimi sijui."

Likaondoka zake.

Mize akarudi uwanjani akiwaza: ameponea chupuchupu, au amefundishwa? Wenzake wakanyoosha mikono wapewe mpira. Akampa mmoja wao, kisha akasimama katikati.

"Haya, nirushieni!"

Wenzake wakatazamana. Hawakujua sauti ile imetoka kwa nani.

Nami hapo ndipo ninaponyamaza.