Ada ya Kusafisha Jina

Uliingia mwaka ambao mvua ililikwepa Bonde la Makorongo kana kwamba inadaiwa huko. Mito ikakauka, na Mhanga, mchimbaji hodari kuliko wote bondeni, akaona hapo ndipo pa kutajirikia. Alikopa mtama kwa Fisi ili awalishe vibarua, wachimbe kisima. Wakachimba hadi wakagonga mwamba. Maji hawakuyapata. Walipata vumbi, tena vumbi safi kabisa.

Fisi alikuwa na benki. Kwa kweli lilikuwa ghala la mtama lenye mlango mmoja, lakini ukiliita ghala mbele yake alikununia siku nzima. Aliposikia habari za ule mwamba, alimburuta Mhanga hadi barazani kwa Simba.

Simba hakuelewa sana mambo ya benki, ila aliipenda mno sauti yake. Alikohoa, akatikisa manyoya ya shingo, akaamua kwamba Fisi achukue nyumba ya Mhanga, kinu chake na vitanda vyake, na deni litakalobaki lifutwe.

"Kuanzia sasa Mhanga ni muflisi," alinguruma. "Yaliyokwisha yamekwisha. Atakayemdai tena amenidharau mimi."

Mhanga, mkewe na watoto wakahamia shimo lililoachwa na ngiri, ambalo bado lilinuka ngiri.

Deni lilikufa, lakini watu waliendelea na matanga. Mhanga akienda kununua chumvi, Kanga mwenye duka aliifunika kwanza kwa bawa. "Nione cha kulipia, shemeji. Usinielewe vibaya." Majirani waliokuwa wakimwazima majembe sasa waliyaingiza ndani akipita. Mhanga akazoea kutembea akitazama chini, jambo la hatari kidogo kwa mwenye pua ndefu kama ile.

Mvua iliporudi, kazi nazo zilirudi. Mhanga alichimba vyoo bonde zima, akalipwa mtama. Lakini lile shimo lilikuwa na unyevu, na mtama ukaanza kuota ndani ya magunia. Ikabidi ajikaze, aende benki.

"Sitaki kukopa," alimwambia Fisi. "Nataka kuweka akiba tu."

Fisi alicheka. "Wewe? Jina lako chafu, ndugu yangu. Nikiliingiza humu, mtama wa wenzako utashika ukungu."

"Simba alisema yamekwisha."

"Deni ndilo lililokwisha. Uchafu bado. Lakini mimi nina moyo wa huruma. Ipo ada ndogo ya kusafisha jina, debe moja kila wiki, hadi liwe jeupe."

"Litakuwa jeupe lini?"

"Inategemea jina lenyewe."

Mhanga alihisi kuna kitu hakijakaa sawa. Lakini nyuma yake wateja wengine walikuwa wametega masikio, naye akaona aibu. Akamimina debe, akaondoka haraka.

Akawa anamimina kila wiki. Baadaye debe likawa mawili, maana Fisi alidai amegundua madoa ya ndani. Nyumbani uji ukawa mwepesi hadi watoto wakajiona sura humo bakulini.

Siku moja Sungura alipita, kama kawaida yake, wakati wa kula. Alionja kijiko kimoja, akauliza, "Huu ni uji, au mmeosha sufuria?"

Mhanga akamsimulia yote.

"Kwa hiyo unalipa deni lilelile," Sungura alisema, "ila Fisi amelivika kofia mpya."

"Nitafanyaje? Nikikataa, atatangaza kila mahali kwamba mimi ni muflisi."

"Ulishatangazwa na Simba, na ile sauti hata viziwi waliisikia. Fisi anakutoza ili akufichie jambo ambalo kila mtu analijua."

Mhanga aliitazama sura yake ndani ya bakuli la uji. Kwanza alijiona mjinga. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu afilisike, akakasirika, na hasira ile ilimpendeza kuliko uji.

"Utanisaidia?"

"Kwa debe moja," Sungura alisema. "Mara moja tu. Mimi si benki."

Siku ya baraza Mhanga alifika na magunia matano yaliyoshonwa midomo. Ndani mlikuwa na mchanga, lakini hilo walilijua yeye na Sungura tu. Fisi alipoyaona, mate yalimdondoka hadi kifuani.

"Mheshimiwa Simba," Mhanga alisema, "mimi ni yule muflisi wako. Fisi hunitoza mtama kila wiki, na sijui ni wa nini. Naomba aseme hapa mbele yako."

Sungura akadakia, "Kama ni ada tu, basi ameshalipwa, na magunia haya yarudi nyumbani. Kama ni deni, ayachukue yote."

Mwenye akili angesema ni ada, akaenda zake. Fisi aliyatazama magunia, akamtazama Simba, akayatazama magunia tena.

"Ni deni," alisema. "Lile lililobaki."

Simba aliinuka polepole. "Lile nililolifuta mimi?"

"Ulilifuta, Mheshimiwa," Fisi alijibu huku amekwisha kulikumbatia gunia moja, "ila halikufutika vizuri."

Simba alishawahi kuumwa, kufiwa na kulala njaa, lakini hakuwahi kuambiwa kwamba hakunguruma vizuri. Aliamuru benki ifunguliwe hapohapo na Mhanga arudishiwe mtama wake. Mlango ulipovunjwa, ndani hamkuwa na kitu ila pumba na harufu ya Fisi. Akiba za watu alikuwa amezila zote. Kanga alizirai, akazinduka, akaanza kumdonoa Fisi kichwani, na hakuna aliyemzuia.

Mali za Fisi zikagawiwa waliodhulumiwa. Mhanga akapata nyumba yake na kinu chake. Sungura naye alipewa na Mhanga debe moja la mtama aliloahidiwa, akaondoka na mawili. Fisi akatangazwa muflisi, kwa sauti kubwa zaidi safari hii, ili isije ikasemwa tena kwamba haikutoka vizuri.

Asubuhi iliyofuata Fisi alikuja mlangoni kwa Mhanga, mkia katikati ya miguu, akiomba kibarua cha kuchimba vyoo, maana hakuna mwingine aliyetaka kumwona. Mhanga alimtazama usoni bila haraka. Akampa jembe. Ujira alimpa jioni, kazi ilipokwisha, kwa kuwa huruma yake haikuwa imempofusha.

Wanyama wa Makorongo wakajifunza hivi: anayekutoza kwa ajili ya aibu yako hawezi kutaka hiyo aibu iishe, kwa hiyo usimngoje yeye aimalize.