Koja la Baraza la Mseto

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, katika jimbo moja la Bara Hindi serikali zilikuwa zikianguka kama mapapai yaliyoiva. Sokoni alikuwapo mfunga maua fukara, jina lake Mangatu, asiye na mali ila kibanda, mke, na mdomo usiotulia. Siku moja aliwaambia wateja, "Maua yangu hudumu kuliko mawaziri wenu." Watu wakacheka, na kicheko kile kikafika kwa Bwana Jagmohan Sahu, ambaye ndio kwanza alikuwa ameupata Uwaziri Mkuu wa jimbo kwa kuunganisha vyama vitatu visivyopatana. Ili wote waridhike, alikuwa ameteua Waziri wa Mvua na pia Waziri wa Ukame.

Basi Mangatu akaitwa.

"Ewe mfunga maua," akasema Sahu, "kesho tunaapa. Utalivisha baraza langu koja la maua. Likinyauka nami ningali madarakani, kibanda chako kitavunjwa, nawe utalala gerezani."

"Na lisiponyauka, Mheshimiwa?"

"Utaomba utakalo."

Nyumbani, mkewe Phulmati akashika kiuno. "Mdomo huo ndio ungeufunga kwanza! Ua gani hilo lisilonyauka?"

"Halipo, mke wangu. Nitafutie kamba ya katani."

"Ya kujinyongea?"

"Ya kuwaunganisha ndugu."

Ikawa asubuhi, kiapo kilipokwisha, Mangatu akaingia akiburura koja moja la maua ya manjano, refu kama kamba ya kisima, akalipitisha shingoni mwa waziri mmoja baada ya mwingine.

"Nini hii, mpumbavu wee?" akafoka Waziri wa Ukame.

"Niliagizwa koja la baraza, sahib. Baraza ni moja. Au nimeambiwa uongo?"

Waandishi wa habari walikuwa wakisikiliza, basi hakuna aliyethubutu kulivua. Wakaketi wamefungwa pamoja, wakitabasamu kwa taabu.

Mpiga picha akaomba wasogee. Kila waziri akajivuta upande wa Sahu. Waziri wa Mvua alivuta upande wake, kamba ikamkaba Waziri wa Ukame, na kilemba chake kikaanguka chini mbele ya umati. Na katika nchi ile, kuvuliwa kilemba hadharani hakusameheki hata kwa ndugu wa tumbo moja.

"Umenivua kilemba!"

"Ningekuvua na suruali, ila kamba haikufika!"

Waziri wa Ukame akaondoka na chama chake chote. Jioni haijaingia, serikali ikawa imeanguka.

Sahu akaja sokoni kwa miguu, bila mlinzi. Akamkuta Mangatu akiyanyunyizia maji maua yale.

"Bado mabichi," akasema.

"Hata hayajajua kama yamechumwa, Mheshimiwa."

Sahu alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamshinda, akacheka hata akaketi juu ya kikapu. Phulmati akampa chai, maana mtu aliyepoteza kazi ni mtu aliyepoteza kazi.

"Omba utakalo," akasema Sahu, "ingawa leo sina la kukupa."

"Kibanda changu kisiguswe, na wewe wala na atakayekufuata."

"Atakayenifuata ni mimi. Vyama vingine vimekwisha kunipigia simu." Akamaliza chai yake, akainuka. "Kesho kutwa naapa tena. Ila safari hii, Mangatu, ndugu yangu, kila mtu na koja lake."