Kuku wa Fundi Ambokile

Usiiseme nchi hujala ugali wake. Mmeisikia leo sokoni, mkacheka, sasa mnataka kujua nani aliyeitoa. Methali hii ilianza hivi, wanangu, tena ilianza katikati ya mabishano, maana hapa Tunduma mambo mengi huanzia hapo.

"Malawi! Nakwambia Malawi!" Fundi Ambokile alikuwa akisema, nyundo mkononi, kiatu cha mtu mapajani. "Tazama soli hii. Imelika taratibu, pande zote sawasawa. Hiyo ni nchi ya watu wasio na papara. Ukitaka kwenda kutuliza roho, nenda huko."

"Na Kenya?" aliuliza Mama Ikupa, jirani yake mwenye kibanda cha chakula, huku anasonga ugali.

"Kenya visigino vyote vimekwisha. Wanakimbia tu wale. Utakunywa chai umesimama."

"Rwanda je?"

"Viatu visafi mpaka unaona haya kuvishika. Mimi na miguu hii nitaikanyaga wapi?"

"Kongo?"

"Aaa, Kongo kiatu juu kinang'aa, chini kimetoboka, na mwenyewe anacheza nacho vilevile! Huko ningekwenda hata kesho."

"Haya, na hawa wa hapa?" Mama Ikupa akaelekeza mwiko upande wa pili wa mpaka, ambako bendera ya Zambia ilikuwa ikipepea karibu kiasi cha kuhesabu rangi zake.

Fundi akanuna. "Hao niache. Hao ni wachoyo."

"Umefika lini, baba?"

"Mimi sina haja ya kufika. Viatu vinanifikia."

Ndivyo alivyokuwa. Miaka ishirini na minane ameketi kwenye kigoda chake mbele ya geti la mpaka, anashona viatu vya madereva, wachuuzi na wasafiri wa nchi zote zinazotuzunguka, na yeye mwenyewe hajavuka hata mara moja. Malori yakipiga honi, anasimama. Basi likijaza abiria, anasimama. Anakwenda mpaka kwenye kizuizi, anachungulia, anarudi, anakaa, anasimama tena. Wateja walisema fundi huyu akikushonea kiatu, nusu amekaa na nusu yuko njiani. Mwenyewe alijua kwamba miguu ilimwasha, ila alijua pia kwamba aliogopa, na hilo hakumwambia mtu.

Mama Ikupa alikuwa anajua kwa nini Zambia ilimkereketa kuliko nchi nyingine. Soko zima lilijua. Binti wa pekee wa fundi, Subilaga, alikuwa ameposwa na kijana wa huko aitwaye Webster, fundi baiskeli. Barua ya posa ilikwisha kuja. Kilichobaki ni baba kwenda kuutazama ukoo wa kijana, maana kwao binti hatolewi kwenye nyumba ambayo baba hajaiona. Fundi alikuwa akiahirisha tangu mavuno. Leo mvua, kesho kiuno.

"Baba," Subilaga alimwambia asubuhi moja, "kama hutaki, sema hutaki. Lakini usiniweke njiani kama lori lisilo na karatasi."

Neno hilo lilimchoma. Akatuma salamu kwa kina Webster kwamba anakuja, na Alhamisi iliyofuata alivaa koti, akaomba kibali cha siku moja, akavuka. Akapata lifti ya baiskeli hadi kijijini kwa kina Webster, akafika kabla ya adhuhuri, kinywa kimekauka.

Akapiga hodi. Akatoka mama yake Webster, mwanamke mrefu, mchangamfu, anayekijua Kiswahili kwa sababu ya soko la mpakani. Akamsalimu kwa kupiga magoti, akamwekea kigoda kivulini, akaingia ndani. Fundi akasubiri. Alikaa, akasimama, akaufikia ua, akarudi. Mara mama akatokea na jogoo mwekundu, mzima, miguu imefungwa kamba, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mkwe, kuku wako huyu."

Fundi akamtazama jogoo. Jogoo akamtazama fundi. Kwao alikozaliwa, mgeni hupewa kuku mzima mkononi saa ya kuondoka. Humpi mtu kuku kama hujamaliza naye. Ndiyo kusema: kwaheri, nenda salama. Na yeye hata maji hajanywa! Uso ukamwaka moto. Akasema "ahsante" kavu kama ngozi ya juzi, akamkwapatia jogoo, akaondoka bila kugeuka nyuma. Nyuma yake alisikia mama yule akiita mara moja.

Jioni jua halijazama, soko zima lilikuwa na habari.

"Sikuwaambia?" alinguruma, amemfunga jogoo kwenye mguu wa benchi lake. "Nimefika, nimeona! Wamenifukuza mlangoni na kuku, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Watu gani hao? Mtoto wangu haendi huko."

"Uliwauliza, baba?" alisema Subilaga.

"Niulize nini? Kuku amesema yote."

Subilaga aliingia ndani ya nyumba yao, hapo hapo nyuma ya benchi, akafunga mlango polepole, na huo upole ndio uliomnyima fundi usingizi. Siku mbili binti aliweka chakula mezani bila neno, akatoka. Siku mbili fundi alishona viatu kombokombo, akasimama, akaenda getini, akarudi. Watu walipomuuliza nchi ipi nzuri kutembelea, alisema, "Yoyote isiyo hiyo," lakini sauti haikuwa na chumvi.

Siku ya tatu akaja mteja na ndala iliyokatika. Fundi akaipokea bila kuinua macho. Ilikuwa na vumbi jekundu la njia aliyopita Alhamisi. Akainua macho. Alikuwa mama yake Webster, mguu mmoja peku.

Mama hakumtazama yeye. Alikuwa anamtazama jogoo.

"Haa! Bado yu hai?"

"Yu hai," alisema fundi. "Unamtaka?"

"Mimi nataka kujua tumekukosea nini." Akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa. "Maji yalikuwa jikoni yanachemka, unga umechekechwa, dada zangu wametoka mbali kuja kukupikia. Nimekuletea kuku umwone, nawe umechukua kuku wetu ukakimbia naye! Mwanangu hali chakula. Majirani wanasema mkwe kakataa ukoo, na kitoweo kaondoka nacho."

Mama Ikupa akauacha mwiko ndani ya sufuria. Watu wakaanza kusogea.

"Wewe ulinipa kuku niondoke," alisema fundi.

"Nani? Mimi? Mgeni wa heshima huonyeshwa kuku angali hai! Aone kuwa ni mzima, ameletwa kwa ajili yake, si makombo ya jana. Mgeni humgusa, humrudisha, ndipo anachinjwa. Kwenu hamfanyi hivyo?"

"Kwetu," fundi alisema taratibu, "kuku wa mkononi ni wa kwaheri."

Mama Ikupa akapasuka kicheko, akashika mbavu, akakalia ndoo. "Jamani! Kaiba mboga ya karamu yake mwenyewe!" Soko likalipuka. Hata mama yake Webster alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama ile ndala. Miaka ishirini na minane aliisoma nchi ile kwa soli zake, na soli haikumwambia kwamba kulikuwa na maji yanayochemka.

Akaishona haraka, akakaza uzi kwa meno, akamvalisha mama mguuni kwa mikono yake. Kisha akamfungua jogoo kwenye mguu wa benchi.

"Subilaga!" aliita. "Niletee koti."

Binti alitoka nalo mbio, na safari hii mlango ulibaki wazi.

Getini, kwenye foleni, dereva mmoja wa lori aliyemzoea akamwona na jogoo kwapani. "Fundi! Wewe ndiye mjuzi wa nchi zote. Zambia kukoje, niende kutembea?"

Wote walingoja, maana jibu walilijua. Fundi akahamisha jogoo kwapa la pili.

"Usiiseme nchi hujala ugali wake," alisema. "Niulize nikirudi."

Akavuka. Yeye na mama yake Webster walipofika kijijini, mama alitangulia, akaingia ndani na kumwacha nje, kama mgeni anayefika kwa mara ya kwanza. Fundi akapiga hodi. Mama akatoka. Fundi akamgusa jogoo kichwani kwa kiganja, akamrudisha kwa mikono miwili.

Mama akampokea. Ndani, mtu alikuwa amekwisha kuchochea moto.

"Karibu ndani, mkwe," alisema. "Leo hutoki hapa hujala."