Siku Jumbe Alipoziba Mto

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, lakini wa mbele mkunje nguo. Leo kuna maji humu, na sitaki kelele kwamba nimemlowesha mtu.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha milimani chenye gulio kila Alhamisi. Kondoo, mee! Kuku, kokoko! Na juu ya gulio, maporomoko ya maji, pwaaa! Wageni walitoka mbali kuja kuyatazama. Wakishatazama, njaa inawauma. Wakila, wananunua. Wakinunua, kijiji kinalala kimeshiba.

Mwaka mmoja mvua zikagoma. Maporomoko yakapungua, yakapungua, yakawa tii, tii, tii. Wageni wakaja, wakatazama, wakageuza. Gulio likaanza kufa.

Jumbe Shekwavi, mtu wa pupa, akasema, "Tutaziba mto kule juu. Alhamisi wageni wakifika, tunaachia. Pwaaa!"

Watu wakapiga makofi. Hakupiga Bibi Nakuzelwa peke yake, mkulima wa mboga bondeni, magoti mabovu, ulimi mzima.

"Na mimi huku chini, Jumbe, mchicha wangu unywe nini?"

"Vumilia, Bibi. Siku sita tu."

Siku ya kwanza, mchicha ukalegea. Siku ya tatu, kondoo wakalamba mawe. Siku ya tano Bibi Nakuzelwa, moyo ukimuuma, akachukua fimbo, koto, koto, koto, akapanda hadi penye maporomoko makavu. Akachungulia nyuma ya mwamba. Akacheka peke yake! Akashuka mbio, kwa mbio za magoti yale.

"Jumbe, njoo nikuonyeshe kitu."

"Nina kazi, Bibi."

"Haya. Kazi njema."

Alhamisi ikafika, na wageni tele. Jumbe, kanzu mpya, kofia mpya, akasimama chini ya mwamba. "Achieni!"

Pwaaaaa! Maji yakaja na matope na matawi. Yakamwangusha Jumbe, yakachukua kofia, yakapita gulioni yakabeba maboga. Kabla hujamaliza kumenya ndizi, yakaisha. Tii. Tii.

"Ndiyo basi?" mgeni mmoja akauliza.

Jumbe, matope hadi masikioni, akapapasa kichwa kutafuta kofia. Aibu, jamani!

Koto, koto, koto. "Wageni wetu," akasema Bibi Nakuzelwa, "mwaka huu mto wetu umekonda. Tusiwadanganye. Nifuateni."

Akawapitisha nyuma ya mwamba, mahali ambapo miaka ya mvua hapapitiki kwa maji. Kumbe kuna pango! Na darini mwa pango, viota vya mbayuwayu, mamia kwa mamia. Prrr! wanatoka. Prrr! wanaingia. Hata wenyeji walibaki midomo wazi.

"Niliwaona mara moja tu, mwaka wa ukame, nikiwa msichana," akasema, na machozi yakamlengalenga kwa furaha.

Wageni hawakutaka kuondoka. Jua likapinda, njaa ikawauma. Wakala, wakanunua kila kitu, hata maboga ya matope. Alhamisi iliyofuata wakaja na ndugu zao.

Jumbe akaja bondeni. "Nisamehe, Bibi. Mto hauzibwi tena."

"Nimekusamehe."

"Na kofia yangu?"

Kofia ilikuwa imenasa kwenye tuta. Bibi alikuwa ameijaza udongo na kupanda miche ya mchicha.

"Vumilia, Jumbe," akasema. "Siku sita tu."

Basi, wenzangu, mgeni akija, mwonyesheni mlicho nacho kweli. Kitamtosha. Hadithi yangu imeishia hapo. Kunjueni nguo, maji yamepita.