Mtoto Aliyesifiwa Kisimani

"Kisa kimo?"

"Kimo!"

"Kimo wapi?"

"Kifuani mwa bibi!"

"Basi nakitoa. Lakini anayesinzia nitamruka, asije akanidai kesho."

Hapo kale, kale hasa, palikuwa na kisiwa kikiitwa Ukele. Kisiwa chenyewe kidogo, ukipiga chafya upande huu, wa upande wa pili wanakuombea afya. Na watu wa Ukele walikuwa na mila yao moja. Mgeni akisifu kitu, apewe. Akisifu mkeka, mkeka unakunjwa. Akisifu jogoo, jogoo anafungwa miguu. Walisema mgeni mwenye haya haombi, husifu tu, na mwenyeji mwenye haya husikia. Wewe Mkasi, usicheke! Ngoja, kicheko chako kitakukauka sasa hivi.

Siku moja wakaja wageni kutoka bara, mtu na mkewe. Mume ni Bwana Suudi, kutwa na wino na karatasi, kila akionacho anakiandika. Mke ni Bi Raya, sauti laini, mwendo wa pole, miaka kumi na miwili ya ndoa na hajapata mtoto. Watu wakawapokea kwa vigelegele. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Wakapewa nyumba, wakapewa samaki wa kupaka.

Bwana Suudi akasifu kigoda. Akapewa. Akasifu kata ya kunywea maji. Akapewa. Akashangaa, akawauliza watoto, na watoto wakamwambia yote, maana watoto hawana kufuli mdomoni, nawajua. Akaandika. Kisha akamsomea mkewe.

Siku ya nne asubuhi, Bi Raya akaenda kisimani. Hapo alikuwapo Mwanamkuu, mjane kijana, anateka maji. Mwanawe Shekue, ndiye huyo huyo mmoja, amesimama anajifunza kutembea, anacheka na ukuta wa kisima. Bi Raya akamtazama mtoto. Akamtazama mama. Akasema polepole, kila mtu asikie:

"Mtoto mzuri huyu."

Lahaula! Mtungi ukamponyoka Mwanamkuu, ukavunjika. Wanawake kumi kisimani wakaacha kuteka. Jamani, tangu kisiwa kiwe kisiwa, hakuna mgeni aliyewahi kusifu mtu!

Akaitwa Jumbe Faki, mkuu wa kisiwa. Akaja, akasikia, akainamisha kichwa.

"Jumbe, huyu si jogoo!" Mwanamkuu akalia, mtoto kambana kifuani.

"Najua, mwanangu. Lakini neno limeshatoka."

"Basi lirudishe!"

"Mwacha mila ni mtumwa. Babu zetu hawakusema 'isipokuwa mtoto.'"

"Hawakusema kwa sababu hawakudhani atatokea mtu wa kuomba hivyo!"

Wazee wakamtuliza. Wakasema, mgeni hajui, tutampelekea mtoto kwa heshima tu, atashtuka, atamrudisha, mila itakuwa imetimia na mtoto atakuwa kwao. Hayo ndiyo waliyodhani. Jumbe akamtwaa Shekue mikononi mwa mamake, akampeleka pamoja na kimkeka chake cha kulalia. Kisiwa kizima kikafuata nyuma, kinangoja Bi Raya ashtuke.

Bi Raya hakushtuka. Akanyoosha mikono. Akasema, "Nimeshukuru," akamfunika mtoto kwa shuka yake. Mume akatazama pembeni.

Mimi ni kizee, nimeona mengi, lakini hapa mwili hunisisimka kila nikisimulia. Alijua! Alijua, na akanyoosha mikono!

Adhuhuri ile ile wageni wakaondoka. Mwanamkuu naye akasukuma mtumbwi majini. Jumbe akamkimbilia hadi maji ya magoti.

"Usiende! Anayelala ng'ambo siku saba si wetu tena. Utarudi hapa mgeni."

"Basi na niwe mgeni," akasema, akapiga kafi.

Alivuka. Aliuliza njia, akatembea siku tisa, akaiona nyumba. Bi Raya yuko mlangoni, Shekue kiunoni. Mwanamkuu akakaribishwa kama mpita njia yeyote, akapewa maji, akanywa. Akakitua kikombe. Akasema:

"Mtoto mzuri huyu."

Akangoja.

"Mtoto mzuri sana huyu."

Bi Raya akamtazama usoni, akasema, "Ahsante, dada." Akaingia ndani na mtoto, akafunga mlango.

Akafunga mlango, wanangu! Mwanamkuu akaupiga kwa ngumi, akapiga mayowe, majirani wakajaa. Wakamuuliza, "Waliiba?" Akasema, "Hawakuiba." "Sasa nani aliyewapa?" Akasema, "Sisi." Majirani wakaduwaa. "Mlimtoa wenyewe?" Ndani mtoto analia, na mama anamsikia.

Akarudi Ukele. Kweli alipokewa kama mgeni, akaoshwa miguu, akaketishwa barazani mbele ya Jumbe Faki na wazee. Wakamuuliza habari za safari. Akamtazama Jumbe kutoka juu mpaka chini, chini mpaka juu.

"Jumbe," akasema, "kiti chako kizuri."

Jumbe akacheka. Kisha akaona wenzake hawacheki.

"Mwanamkuu, hiki ni kiti cha ujumbe, anayekikalia ndiye mkuu! Ni cha babu zangu!"

"Babu zetu hawakusema 'isipokuwa kiti.'"

Wazee wakatazama chini. Hakuna aliyemsaidia. Jumbe Faki akainuka, na yule mjane akaketi. Watu walishika vichwa. Amri yake ya kwanza, akiwa bado na vumbi la bara kwenye nguo, ilikuwa hii:

"Kuanzia leo, mgeni akisifu, mwambieni ahsante."

Nini, Mkasi? Shekue alirudi? Hakurudi. Ningeweza kukudanganya ulale vizuri, lakini hakurudi. Alikulia huko, akamwita yule mwanamke mama.

Basi shikeni hili. Kutoa ni moyo, si utajiri, nami nawataka muwe watoaji. Lakini toa kilicho chako. Jumbe Faki alisifika kwa ukarimu siku ile, na hakutoa hata unywele wake.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Mwenye mabega na aubebe, mwenye usingizi aende akalale.